Siku Kate Ilipogoma

Mimi ni mtu wa Kate. Wengi wenu hamjui Kate ni wapi, na siwalaumu. Ukitoka Sumbawanga mjini ukaelekea kaskazini, juu kwenye uwanda wa Ufipa, unaingia wilaya ya Nkasi, na humo ndimo ilimo Kate yetu: mashamba ya mahindi na maharage, misheni ya zamani ya Kikatoliki, na baridi ya Julai ambayo mtu wa Dar es Salaam akiipata usiku mmoja tu ataomba blanketi la pili. Tunaitamka kama inavyoandikwa, Ka-te, silabi mbili, hakuna ujanja.

Sasa mwaka 2018 nikiwa ndiyo kwanza nimeingia chuo kikuu, nilinunua laptopu ya mtumba. Windows iliyokuwamo ilikuwa ya wizi na ilikuwa inanikumbusha wizi huo kila baada ya nusu saa. Jamaa mmoja wa bwenini akanionea huruma, akaifuta na kuniwekea Linux. Nilipofungua orodha ya programu kuona nimepewa nini, nikakuta imeandikwa: Kate. Nilidhani jamaa ananitania kwa sababu anajua kwetu. Kumbe wala. Ni programu ya kuandikia na kuhariri maandishi, hasa ile misimbo ya watengeneza programu, na wenyewe wanaiita "Keit". Nilipiga simu nyumbani kuwaambia kijiji chetu kimeingia kwenye kompyuta. Mama akauliza kama wanatulipa.

Wadau, leo nataka kuwasimulia historia ya hiyo Kate nyingine, hasa kitu kimoja kilichoondolewa ndani yake mwaka 2017. Ni jambo dogo ukilitazama kutoka mbali. Ila lilinikuta nikiwa kwenye Kate ya kwetu, na kwa siku tatu nzima nilimkwamisha mwalimu mmoja ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Ilikuwa Julai 2019, likizo. Sekondari moja ya huko kwetu (jina nabaki nalo) ilikuwa na kompyuta kumi na mbili za msaada. Ufunguo wa chumba alikuwa nao mwalimu wa fizikia, si kwa sababu alisomea kompyuta, bali kwa sababu alikuwa haziogopi. Intaneti haikuwapo, isipokuwa bando la simu yake mwenyewe. Lakini kijana mmoja wa kujitolea aliyepita pale kabla yangu alikuwa amefanya kazi nzuri sana: kompyuta moja ya pembeni aliijaza nakala ya Wikipedia isiyohitaji intaneti, na zile kumi na moja nyingine zikawa zinasoma kutoka kwake. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanapanga foleni.

Tatizo lilikuwa umeme. Kila ukikatika na kurudi, kile kifaa kinachogawa anwani za mtandao wa ndani kilikuwa kinaipa kompyuta ya pembeni anwani mpya, na zile kumi na moja zinapotea njia. Dawa yake ni kufungua faili moja kwenye kila kompyuta, faili ambalo kazi yake ni kama daftari la majina na anwani, na kusahihisha mstari mmoja. Lakini faili hilo ni la mfumo. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kulisoma tu. Kulibadili ni ruhusa ya mkuu. Yule kijana alikwishalifikiria hilo, akatengeneza kitufe kwenye uso wa kila kompyuta, akakiita HARIRI. Ukikibonyeza kinaomba nywila, kisha Kate inafunguka kwa mamlaka ya mkuu ikiwa na faili lenyewe tayari. Mwalimu anabadili namba, anahifadhi, anahamia kompyuta inayofuata. Dakika ishirini, darasa linaendelea.

Nami nikaingia, mwanachuo, na flashi mfukoni. Kwenye flashi nilikuwa na Kubuntu 18.04. Zile kompyuta zilikuwa na 16.04, na mimi kwa akili yangu ya mwaka wa kwanza niliona ni aibu kijiji chenye jina la programu kutumia toleo la zamani la programu hiyo. Nikamshawishi mwalimu. Nikazipandisha zote toleo jipya kwa siku mbili, nikapewa chai na mihogo, nikashukuriwa mbele ya wanafunzi.

Jumatatu umeme ukakatika. Ukarudi. Mwalimu akabonyeza HARIRI. Ikaomba nywila, akaiandika, na baada ya hapo hakikutokea kitu. Hakikutokea kitu kabisa. Si ujumbe wa kosa, si dirisha, si mlio. Akajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja. Kote vilevile.

"Shikamoo mwalimu," nilimwambia nilipoitwa.

"Marahaba. Kijana, umetuletea kompyuta mpya au umetuletea mgomo?"

Nilifuta kitufe nikakitengeneza upya. Nikabadili nywila. Nikailaumu flashi, nikaulaumu umeme wa Tanesco (huo haukosi kulaumiwa), nikamlaumu hata kijana wa kujitolea ambaye hakuwapo kujitetea. Siku ya tatu, jioni, kwa kukata tamaa tu nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuita Kate kwa mamlaka ya mkuu kwa mkono. Ndipo nikaona maneno. Machache, ya Kiingereza, yanasema kwamba kuendesha Kate kama mkuu haiwezekani, na yanataja amri nyingine ya kutumia badala yake.

Haikuwa hitilafu. Mtu alikaa mahali akaamua.

Nikanunua bando, nikaenda mahali mtandao unaposhika vizuri, nikaanza kusoma. Nilichokisoma jioni ile na siku zilizofuata ndicho ninachowapa hapa, na kwa wale wasiofuatilia mambo haya nitaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1969 kule Marekani, kwenye maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo uliokuja kuitwa Unix. Kompyuta zilikuwa chache na ghali, watu wengi wakitumia moja, hivyo mfumo ukawa na watumiaji wa kawaida wengi na mkuu mmoja anayeitwa root. Kwa mashine, root ni mtumiaji namba 0, na namba 0 haulizwi anakwenda wapi. Anaweza kufuta kila kitu, pamoja na mfumo wenyewe. Mnamo 1980 Bob Coggeshall na Cliff Spencer, wakiwa chuo kikuu cha jimbo la New York kule Buffalo, wakatengeneza amri inayoitwa sudo: mtu wa kawaida anaazimwa ukuu kwa kazi moja, kisha anaurudisha. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilirithi mpango huo wote.

Mpaka hapo kila kitu ni maandishi kwenye kioo cheusi. Madirisha na picha vilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1984 chuo cha MIT kilianzisha mfumo wa madirisha unaoitwa X, na toleo lake la 11 likatoka 1987. Hilo ndilo lililobeba Linux kwa miongo zaidi ya miwili. X ilizaliwa kwenye mazingira ya chuo, watu wakiaminiana. Ni kama nyumba isiyo na kuta za ndani. Dirisha lolote linaweza kusikia vitufe unavyobonyeza kwenye dirisha jingine, na linaweza kujifanya ni wewe na kulitumia dirisha jingine vitufe ambavyo hukuvibonyeza. Mwaka 1984 nani alikuwa anafikiria mwizi?

Kate yenyewe ni mtoto wa KDE. KDE ni mradi ulioanzishwa Oktoba 1996 na Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Tübingen, Ujerumani, aliyechoshwa na jinsi madirisha ya Linux yalivyokuwa hayafanani wala hayaelewani. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Kate iliingia rasmi kwenye KDE toleo la 2.2, Agosti 2001. Aliyeibeba tangu mwanzo ni Christoph Cullmann, na mpaka leo jina lake limo. Ni kitu cha watu wa msimbo hasa: inapaka rangi maneno ya lugha za programu, inafungua mafaili mengi kwa mkupuo, na ina kioo cheusi cha amri ndani yake, pale chini, ili usihangaike kutoka na kurudi. Hicho kioo cha ndani mkikumbuke, ndicho chenye kesi.

Kwa miaka mingi watu walifanya kama mwalimu wangu. Faili la mfumo limeharibika? Ita Kate kwa sudo, badili, hifadhi, maliza. Ilifundishwa hivyo kwenye vitabu vya wanaoanza na kwenye majibu yasiyo na idadi. Ni miongoni mwa vitu vya kwanza nilivyofundishwa mimi mwenyewe bwenini.

Mwanzoni mwa 2017 mlango huo ulifungwa. Aliyejitokeza kueleza kwa nini ni Martin Gräßlin, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa KWin, ile sehemu ya KDE inayopanga madirisha. Alikuwa mmoja wa waliotumia miaka kuihamisha KDE kutoka X kwenda Wayland, mfumo mpya ulioanzishwa 2008 ambao una kuta. Kwa hiyo matundu ya X alikuwa anayajua moja moja. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii. Wewe ni mtumiaji wa kawaida na umepata kirusi kidogo kwenye akaunti yako. Kirusi hicho ni cha kawaida kama wewe, hakina ukuu. Sasa unafungua Kate kama root kwenye kioo kilekile. Kwa kuwa X haina kuta, kirusi kinaweza kuitumia ile Kate vitufe: kifungue kile kioo cheusi cha ndani, kiandike amri, kipige Enter. Amri hiyo inatekelezwa na namba 0. Dakika moja iliyopita kilikuwa hakina kitu, sasa kina kompyuta nzima.

Na dawa yake ndani ya Kate haikuwapo, kwa sababu tundu haliko Kate, liko X. Kwa hiyo waliandika mistari michache mwanzoni mwa programu: angalia namba ya mtumiaji, ikiwa ni 0, toa ujumbe na uondoke. Dolphin, programu ya KDE ya kupangia mafaili, nayo ikawekewa kizuizi cha aina hiyo.

Mnaweza kukisia makelele. Kompyuta ni yangu, nani kakupa wewe Mjerumani ruhusa ya kuniambia nifanye nini nikiwa mkuu ndani ya mashine yangu? Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya wengi, na msiidharau, maana watu wengi waliikimbilia programu huria kwa sababu hiyohiyo, kukimbia makampuni yanayoamua kwa niaba yao. Wapo waliokuwa na hoja kali zaidi: kama kirusi kimeshaingia kwenye akaunti yangu na X haina kuta, basi kinanisikia hata ninapoandika nywila ya sudo kwenye dirisha jingine. Umeziba dirisha moja na mlango uko wazi. Mimi hoja hii naona ina uzito. Lakini haimaanishi dirisha liachwe wazi.

Na palikuwa na kundi ambalo lilidhulumiwa kabisa, wale ambao mfumo wao unawaingiza moja kwa moja kama root. Kali Linux, inayotumiwa na wanaopima usalama wa mitandao, ilikuwa hivyo mpaka toleo la 2020.1. Kwa hao, kila dirisha ni la root, hakuna mnyonge wa kumtumia mkuu vitufe. Wamefungiwa mlango kwa ajili ya mwizi asiyekuwapo. Mwaka 2018 Dolphin ililegezwa kwa ajili yao: ukiingia kama root tangu mwanzo, inakukubali, ukijaribu kuazima ukuu kwa sudo, inakukatalia.

Ila ngoja niwaambie kilichonichoma. Kabla 2017 haijaisha, Kate ilipewa kitu kingine badala ya kile kilichoondolewa, na ni bora kuliko cha kwanza. Unafungua faili la mfumo ukiwa mtu wa kawaida, unabadili, na unapohifadhi ndipo programu inakuomba nywila. Ukuu unapewa ule uandishi wa faili peke yake, si dirisha zima. Toleo nililompelekea mwalimu kwenye flashi lilikuwa nacho! Siku zile tatu tulizohangaika, kazi yake ingeweza kufanyika kirahisi kuliko zamani. Angefungua tu faili kama anavyofungua barua.

Kwa nini hatukujua? Kwa sababu ule ujumbe mfupi wa kukataa ulikuwa unaandikwa kwenye kioo cheusi. Aliyeita Kate kutoka kwenye kioo hicho aliusoma. Aliyebonyeza kitufe, kama mwalimu, hakuonyeshwa chochote, kwa kuwa nyuma ya kitufe hakuna kioo. Maneno yalitolewa, yakaenda pasipo na mtu. Kwa mtengeneza programu, ambaye kioo hicho kiko wazi mbele yake asubuhi hadi usiku, huko ndiko mahali pa kawaida pa kuweka tangazo. Hakuwaza, na pengine nisingewaza hata mimi, kwamba kuna mwalimu wa fizikia Nkasi anayebonyeza kitufe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunipinga. Kuondoa walikuwa na haki. Sababu walikuwa nayo, walijitokeza kwa majina yao wakaieleza, na walileta mbadala. Pale walipokosea ni kwenye kubandika tangazo ambapo wanaohitaji kulisoma hawapiti.

Nilikuja kuliona jambo hili vizuri zaidi Oktoba 2021, nikiwa nimeshaanza kazi gazetini, pale Microsoft walipofanya yao. Wale waliokuwa wakifuatilia wanakumbuka. Microsoft wana jukwaa la kutengenezea programu liitwalo .NET, ambalo msimbo wake waliutangaza kuwa huria Novemba 2014. Kwenye toleo la 6 walikuwa wameweka kitu kilichopendwa sana: unabadili msimbo na programu inayoendelea kukimbia inabadilika palepale, bila kuizima na kuiwasha upya. Kilikuwamo kwenye chombo chao huria cha mstari wa amri, na watu wakawa wamekijaribu kwa miezi. Tarehe 20 Oktoba, toleo likiwa limebakiza wiki chache tu, wakatangaza kwamba kitapatikana kupitia Visual Studio 2022 pekee, programu yao wenyewe ya Windows. Kwenye kile chombo huria msimbo wake ukatolewa.

Hapo hapakuwa na tundu wala mwizi. Kitu kilikuwa kinafanya kazi. Kilihamishwa kutoka uani kwenda dukani, ndivyo watu walivyoelewa, na kwa mtumiaji wa Linux au Mac duka lenyewe lilikuwa halina tawi mtaani kwake. Lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, kule kutoa kwenyewe kulionekana, mstari kwa mstari, na ombi la kurudisha mistari ileile likaandikwa kwa urahisi uleule. Wakasema watu wa nje, na kwa jinsi ilivyoripotiwa wakasema hata wa ndani. Tarehe 23 Oktoba, siku tatu tu, Scott Hunter wa Microsoft akatoka akaomba radhi, akasema wamekosea, msimbo unarudi. Toleo likatoka tarehe 8 Novemba kikiwamo.

Siku tatu. Sawasawa na zile zangu na mwalimu, ila wao walikuwa na watu wa kupiga kelele.

Narudi Kate, ile ya kwetu. Jioni nilipompelekea mwalimu majibu tulikaa nje ya chumba cha kompyuta, jua linazama, baridi imeshaanza kuuma. Nikamweleza yote, root na X na kirusi na kioo cheusi. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa si wangeandika palepale kwenye dirisha? Mtu amebonyeza, mwambie." Halafu akanyamaza kidogo, akaongeza: "Hata malungu yalizimika hivyohivyo. Unamjua aliyetangaza?"

Kwa msiojua, malungu ni tanuri za zamani za kuyeyushia chuma, moja huitwa ilungu. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, refu kama mita tatu, likawashwa bila mivuo. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia mirija ya udongo chini, moto ukaunguruma kwa siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kikasafishwa kwenye tanuri dogo lenye mivuo, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka Nkasi akachimba na kupima, na tasnifu yake ya 1995 inaonyesha kwamba malungu si teknolojia pekee iliyopita huku. Kulikuwa na katukutu, tanuri fupi, na kulikuwa na ile ya Barongo. Mpaka leo ukitembea porini Nkasi unaweza kukuta tanuri limesimama peke yake.

Wahunzi na wayeyushaji hawakuwa watu wa programu huria, tusidanganyane. Mwenye ilungu alikuwa na dawa zake kwenye kikapu, kulikuwa na miiko, na wakati wa kuyeyusha wanaume walikaa mbali na wake zao. Tanuri lenyewe liliheshimiwa kama bibi harusi. Ujuzi ulipita kwa wachache. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa madukani wakati wa ukoloni, yakiwa rahisi, hakuna aliyeamka siku moja akasema kuanzia leo chuma chetu kimeondolewa. Watu walinunua jembe la dukani, mwaka uliofuata likanunuliwa lingine, na moto wa mwisho ulizimwa na watu wasiojua kuwa ni wa mwisho. Mwaka 1937 Greig alichapisha makala kuhusu uyeyushaji wa Ufipa kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records, Wise akafuata 1958, na Wembah-Rashid 1969. Mwandishi wa mwisho ilibidi aandike juu ya kitu ambacho wazee walikuwa wanakikumbuka zaidi kuliko walivyokuwa wanakifanya.

Ile mistari michache ya Kate ya 2017, ukitaka, leo unaweza kuitafuta ukaiona: nani aliiandika, tarehe gani, kwa maelezo gani. Unaweza kuifuta kwenye nakala yako na kujitengenezea Kate isiyogoma, na wapo waliofanya hivyo. Malungu, ukitaka kujua ni dawa gani iliwekwa chini ya tanuri na kwa nini, unamtafuta mzee, na mzee hayupo. Mwalimu hakulisema hivyo, nalisema mimi. Yeye alichosema baadaye ni kwamba anasikia njaa.

Kesho yake asubuhi tulibadili zile kompyuta kumi na moja kwa njia mpya. Dakika kumi na tano, nilihesabu. Kitufe cha HARIRI tukakifuta. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, nikaibandika ukutani juu ya kompyuta ya pembeni: UMEME UKIKATIKA, FUNGUA FAILI KAMA KAWAIDA. BADILI NAMBA. UKIHIFADHI ITAOMBA NYWILA.

Nilipita tena pale Desemba 2023. Kompyuta zilizobaki nzima zilikuwa saba. Karatasi ilikuwa bado iko, imekuwa ya kahawia, na chini yake mwanafunzi mmoja alikuwa ameongeza kwa penseli: *nywila anayo ticha, na ticha leo yuko shamba.*